Kapteni Aliyejitoa Uwanjani

Binti yangu, kitinda mimba wangu, hushona sare kiwandani. Mashine za mle zinanguruma kiasi kwamba ukimwita jirani yako utakauka koo bure, kwa hiyo wenyewe huongea kwa mikono: vidole viwili, uzi umekwisha; ngumi, sindano imevunjika. Nilidhani ni utani wa wasichana tu, mpaka alipochaguliwa kapteni wa mpira wa pete.

Timu yenyewe ilikuwa mchanganyiko. Yupo mama mwenye wajukuu, wapo dada wawili waliohamia juzi, Kiswahili chao bado kinachechemea, na yupo mfungaji, fundi wa vifungo, ambaye hasikii tangu utotoni. Mechi ya kwanza kila mtu alipiga kelele kwa lugha yake. Wakafungwa vibaya. Kesho yake binti yangu akawaambia, "Kelele tuwaachie mashabiki. Uwanjani tutaongea kama kwenye mashine."

Wakaanza kushinda, wakafika fainali. Siku ya mazoezi ya mwisho msimamizi wa kiwanda akaja.

"Kapteni, fainali ina wageni wakubwa. Yule asiyesikia mweke benchi. Nina binti mrefu pale ofisini."

"Mrefu kweli, bosi, ila hajawahi kucheza na sisi."

"Basi mkifungwa, ukapteni nampa mwingine."

"Sawa."

Sawa! Mimi niliyekuwa pembeni nimeshika chupa ya maji, moyo ulinishuka hadi kwenye kandambili. Nyumbani nikamsihi, "Mwanangu, mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Mama, mkono wa bosi haujawahi kufunga hata goli moja."

Fainali ikafika. Wapinzani walileta ngoma na mavuvuzela, hata kipenga kilisikika kwa shida. Kapteni wao aliita mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na wenzake wanageuka, "Eti nini?" Wetu walitazamana mikono tu. Lakini mfungaji wetu akakosa, akakosa tena. Mwanamume mmoja nyuma yangu akafoka, "Mtoeni huyo, hasikii!" Nilitamani ardhi inimeze.

Wakati wa mapumziko nilimwona binti yangu na mfungaji wakiongea kwa vidole, haraka haraka. Kisha binti yangu akavua fulana yake ya juu yenye alama ya mchezaji wa kati, akamvalisha mmoja wa wale dada wageni aliyekuwa akiba, akaja kukaa benchi.

"Wewe! Unafanya nini?" nikamshika mkono. "Kapteni anajitoa mwenyewe?"

"Mama, anayekosea ni mimi. Ameniambia pasi zangu zinamfikia juu mno. Huyu dada mazoezini humpa kifuani."

Alikaa pale, macho uwanjani, mikono ikifanya kazi. Pasi ya kwanza kifuani, goli. Ya pili, goli. Mimi nilikuwa nakula kucha. Walishinda kwa goli moja, na fundi wa vifungo akabebwa juu juu kama bibi harusi.

Msimamizi akaja anacheka meno yote nje. "Nilijua tu! Ukapteni unabaki kwako."

"Waulize kwanza wenzangu, bosi. Leo wameshinda bila mimi."

Akawauliza pale pale, nani anataka abaki. Mikono yote ikapanda, ya mama mwenye wajukuu, ya wale dada, ya mfungaji aliyeelewa swali kabla ya wengine. Na mimi, ambaye hata kifungo sijui kushona, nikajikuta nimenyoosha wangu juu kuliko yote.