Kulwa Asiyechoka

Naandika haya aibu bado haijanitoka. Mimi ni meneja wa kiwanda cha kuchambua pamba hapa Kahama. Mwezi uliopita tulifunga getini mashine ya akili mnemba inayotambua sura za wafanyakazi, nami daftari la mahudhurio nikalitupa.

Juzi mashine ikaniletea taarifa. Kulwa Masanja anaingia zamu ya asubuhi na ya jioni, kila siku, hachoki. Doto Masanja hajaonekana hata mara moja. Sikumuuliza mtu. Kulwa nikaagiza anunuliwe kitenge, Doto nikamsainia barua ya kufukuzwa kazi. Mimi, Msukuma wa Ushetu kabisa, nimesoma Kulwa na Doto wa baba mmoja na wala sikushtuka!

Jana nikawakusanya wafanyakazi wote uwanjani. "Kiongozi lazima awajue watu wake mmoja mmoja," nikasema, kifua mbele. "Kulwa, njoo uchukue zawadi yako."

Wakaja wanawake wawili. Sura ile ile, mwanya ule ule.

"Shikamoo bosi," akasema wa kwanza. "Kulwa ni mimi, naingia asubuhi. Jioni anaingia pacha wangu, Doto, kama majina yetu ya mapacha yanavyosema."

Pacha wake akaikunjua barua yangu mbele ya watu wote.

"Bosi, mashine nimeisamehe, ina mwezi mmoja tu hapa," akasema taratibu. "Ila wewe nakuamkia getini kila jioni mwaka wa sita huu, na kila jioni unaniitikia, 'Marahaba, Kulwa.'"