Geji Mama

Mimi siamini teke. Hapa Katoro dereva anashuka, anapiga tairi teke, anasikiliza mlio, anasema "limejaa," anaondoka zake. Huwa nawauliza: mkienda kupimwa presha, daktari anawapiga mateke? Wanacheka. Wenye akili wanarudi kwangu, kwenye kibao nilichokipaka rangi kwa mkono wangu mwenyewe: UPEPO WA KWELI.

Kujivuna najivuna, na sitaki mtu aniseme kwa hilo. Nilizaliwa Shinyanga kwenye ng'ombe, nikaja Geita kupika chai katika gereji iliyohudumia magari ya wachimbaji. Mpika chai anaona mengi. Fundi mkuu pale alikuwa na geji mbili za kupimia upepo. Moja ilikuwa ya kazi, imejaa mafuta na vumbi. Ya pili ilikaa ndani ya kopo la majani ya chai, imefungwa kitambaa, na haikugusa tairi la mteja hata siku moja. Hiyo aliiita geji mama.

Kila Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado changa, alichukua tairi lililolala kivulini, akalipima kwa geji zote mbili. Zikikubaliana, kazi inaendelea. Zikibishana, ya kazi inatupwa, basi. Nilimuuliza kwa nini asitumie hiyo nzuri kila siku. Akaniambia geji ikifanya kazi huanguka, hupigwa jua, huchoka, na ikichoka haisemi. Gereji ilipofungwa wenzangu waligombania jeki na spana. Mimi nikapewa kopo lile, nikalia kwa furaha mbele ya watu.

Kwa hiyo mwaka jana, dereva wa kirikuu, kile kipikapu kidogo, aliponijia juu mchana kweupe, alinikuta nimesimama vizuri. Ni kijana wa watu, Msukuma mwenzangu, hubeba dagaa kutoka Nkome. Alisalimia kwanza, akaniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma; adabu anayo.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana?"

"Mayu, upepo wako umezidi. Gari linarukaruka njia nzima. Nimepima Nkome, geji imesema arobaini na mbili. Wewe uliniambia thelathini na mbili."

Weee! Palikuwa na watu: madereva wawili, mama ntilie na wateja wake, na ng'ambo ya barabara jirani yangu, naye mjaza upepo, amekunja mikono anatazama. Mtu anasema geji yangu inadanganya, chini ya kibao changu!

"Geji ya Nkome imekula dagaa hadi imevimbiwa," nikasema. Watu wakaangua kicheko. "Na wewe umepima tairi limetoka njiani, lina moto. Tairi likipata moto, upepo unafura. Hata hilo hamjui?"

Nikampima hapo hapo kwa geji yangu ya kazi: thelathini na sita. Nikamwambia aliingize gari kivulini, akae, anywe chai, tairi lipoe. Alikaa kama saa moja na nusu, na mimi muda wote huo sikufunga mdomo. Nilimweleza kila aliyepita kwamba kuna mtu amekuja kunifundisha kazi. Mama ntilie akaniambia, "Muache basi, amesikia." Sikumuacha.

Tairi lilipopoa nikapima tena. Thelathini na mbili kamili, kama nilivyomjazia. Nikapiga kigelegele. Kisha, ili nimmalize kabisa, nikaingia ndani nikatoa kopo. Nikafungua kitambaa taratibu watu waone, nikaweka geji mama kwenye vali.

Thelathini na nane.

Nikapima tairi la pili, la tatu, la nne. Geji mama ikasema thelathini na nane kote, na ya kazi ikasema thelathini na mbili kote. Nikahesabu kichwani. Kati ya zile kumi alizolalamikia, nne zilikuwa za joto. Sita zilikuwa zangu.

Na nilijua zimetoka wapi. Geji ya kazi iliniponyoka ikaanguka kwenye sementi wakati wa mavuno ya pamba, nikaifuta vumbi nikaendelea. Jumamosi ile nilikuwa na msiba. Iliyofuata nilikuwa na wateja. Baada ya hapo sikuwa na sababu yoyote, nilijiona tu nimeshakuwa fundi wa kutosha. Kopo halikufunguliwa kwa wiki kama saba hivi. Nyani haoni kundule.

Hakuna aliyekuwa karibu kiasi cha kuisoma geji ile isipokuwa mimi. Ningeweza kuifunga kitambaa nikasema "mmeona?" Shetani alinipitia, sitaficha. Nilimtazama yule kijana, ana dagaa za watu garini na matairi niliyoyajaza kupita kiasi, na bado ameinamisha kichwa kwa maneno yangu.

Nikasema kwa nguvu, "Geji yangu inadanganya. Huyu amesema kweli. Mimi ndiye niliyekosea."

Mama ntilie alisahau mwiko kwenye sufuria. Nilipunguza upepo wa matairi yote manne nikitumia geji mama, nikamwomba kijana msamaha, nikapanda kwenye ndoo nikakishusha kibao changu. Nikakiegemeza ukutani, maandishi yakitazama ukuta.

Kisha nikashika simu. Nilimpigia kila dereva ninayemjua, hadi wale wa Buseresere: rudi nikupime, nilikujazia vibaya. Wengine walinitukana. Wengi walirudi. Kwa siku nne niliwapima upya, na kila aliyeuliza kibao kiko wapi nilimwambia ukweli. Usiniulize kama iliuma. Iliuma.

Siku ya tano, Jumamosi, nilikuwa nimetoa kopo nipime geji mpya niliyonunua, jirani yangu akavuka barabara. Miaka yote hajawahi kuvuka. Wateja wake watatu walikuwa wanamtazama. Akatoa geji yake mfukoni.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma. "Nipimie na yangu."

Sitadanganya: niliomba iwe mbovu. Nikapima tairi lililolala kivulini kwa geji mama, nikapima kwa yake. Nikarudia. Hazikupishana hata kidogo. Muda wote ambao mimi nilikuwa nawajazia watu uongo chini ya kibao cha kweli, yeye asiye na kibao alikuwa anawajazia sawasawa.

Nikageukia barabara, nikasema kwa sauti ile ile niliyomcheka nayo kijana wa kirikuu: "Geji ya jirani yangu ni ya kweli gete, kweli kabisa! Jazeni kwake bila wasiwasi!"

Wateja wake wakapiga makofi. Yeye alifika ukutani, akakigeuza kibao changu, akakipangusa vumbi kwa kiwiko, akapanda kwenye ndoo yangu akakitundika. Amekitundika kimeinama kushoto kidogo, na mimi sijakinyoosha mpaka leo.