Kiatu cha Daktari

Mama jirani yangu hapa Mbotela anauza viatu vya mitumba sokoni Gikomba, na siku hizi anauza akiwa ameketi, kwa sababu ya kinundu kilichoota kando ya kidole gumba cha mguu. Mwaka mzima anatafuta daktari wa kukikata, na kila daktari anamkagua kuanzia viatuni. Wa kwanza soli yake ililika upande. "Anachechemea mwenyewe, halafu anipasue mimi?" Wa pili alivaa ngozi bandia. "Kama hajui ngozi, atajua mfupa?" Akisimulia hujikanda mguu, akishusha pumzi kama aliyetua gunia. Jana alitoka kwa wa tatu.

"Mathe, huyu naye amevaaje?" nikamuuliza.

Akauvuta mguu chini ya leso.

"Ngozi safi, soli imenyooka," akasema kwa uchovu. "Sasa huyu nitamkataa kwa lipi?"