Hesabu za Mkaa Ukutani

Kinachoonekana kwanza kwa Josepha Nibizi, kabla hata hajafungua mdomo, ni vidole vyake. Ni mhadhiri wa uhasibu na kodi chuoni Tabora mjini, lakini kucha zake zimegandwa na gundi nyeusi ya tumbaku. Wenzake humtania kwamba anafundisha hesabu kwa mikono ya shamba. Hakasiriki. Alizaliwa Ulyankulu, kwa wazazi waliotoka Burundi, na ada yake ya shule ilitokana na jani hilo.

Kwa miaka sita amekuwa akiandika tasnifu ya udaktari juu ya swali moja: mkulima mdogo atatozwaje kodi kulingana na faida aliyoipata, si kwa kila alichouza? Aliwahoji wakulima mia moja na kumi na wawili wa Urambo. "Una daftari la gharama?" Wote walijibu hawana. Basi akaandika, kwa masikitiko, kwamba mkulima hana kumbukumbu.

Mwanzoni mwa mwezi huu alipita kwa Bibi Theodora, mmoja wa wakulima hao wa Urambo, kumsalimia tu. Alimkuta mbele ya bani, ile nyumba ya udongo ya kukaushia tumbaku, akikoroga tope. Kila msimu, kabla ya moto kuwashwa, kuta hukandikwa upya ili nyufa zizibe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Vua viatu uje unikanyagie tope, msomi."

Josepha alivua. Ndipo alipouona ukuta wa kibarazani, usiofikiwa na mvua. Ulijaa alama za mkaa, kutoka chini hadi usawa wa bega: mizigo ya kuni, mifuko ya mbolea, siku za vibarua.

"Bibi, hizi ni gharama?"

"Ulidhani ni mapambo?"

"Mbona nilipokuuliza ulisema huna?"

"Uliniuliza daftari, mwanangu. Daftari sina."

Mama yake Josepha mwenyewe alikuwa akichora hivyo hivyo. Kusoma kote kule, na hilo lilikuwa limemtoka.

Siku hiyo hiyo alimwandikia msimamizi wake, Profesa Hilari, aliyeko Dodoma, kwamba sura nzima ina kosa, akaambatisha picha za ukuta. Profesa alijibu kwa ufupi: picha hazitoshi, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuchora ukuta. Angekuja Jumamosi kwa treni, na mwenye ukuta amsomee mwenyewe. Akishindwa, sura ibaki ilivyo.

"Majani ya chini yameanza kuiva," alisema Theodora, alipoombwa asiukandike ukuta wa alama kwanza. "Hayamjui profesa." Hata hivyo alikandika kuta tatu, ule wa nne akauacha. Majirani wanacheka kwamba bani ya bibi imevaa nguo ikasahau kufunga vifungo.

Leo ndiyo Jumamosi. Tangu asubuhi wanafanya mazoezi.

"Na mstari huu, bibi?"

"Huo mbuzi alijikuna. Usimtoze kodi."

Josepha anacheka, kisha anatazama saa. Amekwisha kwenda stesheni ya Urambo mara mbili. Mara ya pili alijibiwa kwamba treni imekwisha kutoka Tabora, iko njiani kuja.