Nyuzi Kumi na Mbili za Mume Wangu

Mwanamume akikuingizia ndani kitu chenye nyuzi kumi na mbili, mwulize siku hiyo hiyo ni nani atakayezipatanisha. Mimi sikuuliza, na yaliyonipata niliyataka mwenyewe.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, tunakaa Pujini, Pemba, ndoa yetu haijatimiza mwaka. Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Kaka yake, aliyefanya kazi bandarini Mombasa, alikuja kututazama na gitaa hilo, kubwa, lenye kichwa kirefu na vigingi sita huku na sita huku, akamwachia. Kwa nini asimletee gitaa la nyuzi sita kama la watu wengine, mpaka leo sijui. Mume wangu alilikwaruza mara moja tu, nyuzi zote kwa pamoja, hovyo hovyo, na nyumba nzima ikajaa. Nilisimama mlangoni na ungo mkononi, nimesahau nilikuwa nakwenda wapi. Niseme kweli: nililipenda mimi kabla yake.

Kesho yake balaa likaanza. Nyuzi zile zimekaa mbili mbili, jozi sita, na kila kidole hubana mbili kwa mpigo. Vidole vya mume wangu vilikuwa vimeshatobolewa na sindano, na gitaa likamalizia palipobaki. Siku za mwanzo alikuwa akila kwa kijiko kama mgonjwa. Lakini hilo la vidole lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa kuzipatanisha. Jua likiwaka nyuzi zinalegea, mvua za masika zikishuka mbao zinavimba na nyuzi zinapanda. Ukimaliza ya kumi na mbili, ya kwanza imeshahama. Na uzi ukikatika, usubiri kaka mtu apate msafiri wa kutoka Mombasa, miezi.

Na mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwa na masikio. Mkono wake wa risha, ule wa kukwaruzia nyuzi, ulikuwa mwepesi ajabu, hilo simnyimi. Lakini umpigie nyuzi mbili zilizoachana kama mtu na mtalaka wake, yeye anakwambia ziko sawa.

"Sawasawa hizi. Nawe wazidi kuchagua."

"Hazipo sawa. Huu mmoja uko chini."

"Upi?"

Upi! Anao mkononi, ananiuliza mimi niliyeko jikoni.

Masikio nilikuwa nayo mimi. Baba yangu kule Chokocho alipiga udi, na kwa kuwa hakuwa na subira ya kukaza vigingi, kazi hiyo alinikabidhi tangu nina miaka minane. Kwa hiyo nililichukua gitaa la mume wangu nikaliweka mapajani, nikafanya nilivyofunzwa. Kwenye udi, nyuzi mbili za jozi moja husema sauti moja, hakuna mjadala. Nikazifanya hivyo. Jozi mbili za chini zikakubali. Nne zilizobaki zikanitia wazimu, maana kila jozi ina uzi mmoja mnene na mmoja mwembamba, na ule mwembamba nikiushusha mpaka kwenye sauti ya mwenzake unalegea, unanung'unika kama nzi aliyenaswa ndani ya kikombe. Nilihangaika nao wiki tatu. Nilimlaumu kaka mtu, nikamlaumu aliyelichonga, nikalaumu na unyevu wa Pemba.

Alasiri moja nilipandwa na hasira. Nikaukamata ule mwembamba wa jozi ya tatu nikaukaza, nikaukaza, nikasema na ukatike basi tupumzike. Haukukatika. Ulipanda, ukapita sauti zote za ugomvi, ukafika mahali ukatulia, na mara nikausikia unasema neno lile lile la mwenzake mnene, ila kwa sauti ya juu, kama mtu mzima na mtoto wanaoitikia dua pamoja. Nikazipandisha na zile nyembamba tatu zilizobaki. Nilipolipiga lote, nililia. Silii ovyo, lakini siku ile nililia, kisha nikamwita mume wangu aje asikie, na yeye akasema, "Ee, sasa limekaa vizuri," akalichukua akaenda nalo barazani.

Ndivyo tulivyoishi. Mimi napatanisha nyuma ya mlango, yeye anapiga barazani, wapita njia wanamsifu. Sifa zikafika Chake Chake, kwenye klabu ya taarabu, na akaanza kwenda huko kila Ijumaa. Wakimwuliza nani amemfunza kuzipatanisha nyuzi zote hizo, anasema kaka yake. Kaka yake ambaye hata filimbi hajui kupuliza!

Nilimwambia, "Waambie wenzako kweli. Mara moja tu inatosha."

"Nkawaambie n'ni? Kwamba gitaa langu lapatanishwa na nke wangu? Wee wanitakia kheri?"

"Nakutakia kheri ndio maana napatanisha."

"Ntawaambia. Si leo."

Nikaingoja hiyo siku isiyo leo. Sikutaka kanga wala zawadi. Nilitaka alitamke mbele ya watu, basi.

Kiongozi wa klabu alikuwa mzee mmoja mpiga udi, na gitaa alilionea mashaka. Alisema ni ala ya sinema. Mwisho akatoa shuruti: kuna harusi Wingwi, klabu imealikwa, mume wangu atapiga huko mbele ya watu. Gitaa likikubaliana na udi, ataingia kundini. Likiwatia aibu, arudi kwenye cherehani yake. Mume wangu hakulala vizuri wiki nzima. Asubuhi ya safari nililipatanisha mara mbili, nikamwambia alipakate, asiliachie jua. Ndani ya gari nikapanda na wanawake nyuma, yeye akakaa mbele na wanaume wa klabu, na gitaa likapandishwa juu ya gari pamoja na magunia, kwa kuwa bwana mkubwa alitaka mikono yake iwe wazi apate kuzungumza. Njia ya Wingwi ile, kila shimo tulilopita nilihesabu uzi mmoja umehama.

Taarabu ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Wanaume nje chini ya turubali, sisi ndani, katikati ukuta na dirisha lenye mbao nusu wazi. Zamu yake ikafika. Alipolipiga tu, nilifumba macho. Jozi nne kati ya sita zilikuwa zimehama. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami alisema, "Hilo lalia au lacheka?" na chumba kizima kikaangua kicheko. Nje nilimsikia mume wangu akizungusha vigingi, akikaza palipotakiwa kulegezwa. Akapiga tena. Ilikuwa mbaya zaidi. Kisha sauti ya yule mzee, kwa upole, na upole ule ndio uliouma: "Weka chini, mwanangu. Nyuzi zimekuzidi. Tutaendelea na udi."

Nikainuka. Sijui hata niliwaruka akina nani. Nikasimama kando ya dirisha, mtandio nimeshauvuta usoni, nikasema kwa sauti ya kusikika:

"Jozi ya tatu, ule mwembamba, kaza. Bado. Bado kidogo. Basi, uache."

Nikasikia kigingi kinazunguka.

"Ya nne, mnene, legeza. Umezidisha, rudi. Hapo hapo."

Akafuata. Uzi kwa uzi tulikwenda, harusi nzima inasikiliza, mpaka wa kumi na mbili. Kisha akapiga, na nawaapia, hata kuku wa uani walinyamaza. Udi uliingia chini yake na havikugombana. Wanawake walipiga vigelegele mpaka masikio yakaniuma. Nikajua siku yangu imefika, maana sasa hana pa kukimbilia.

Wimbo ulipokwisha nilimsikia yule mzee akiuliza, "Nani huyo aliyesema dirishani?"

Na mume wangu akajibu, "Sijui, mzee. Ntu wa humu humu ndani."

Mtu wa humu humu ndani. Nikakaa chini pale pale. Yule bibi aliyetania akanipa maji, akaniuliza kama mimi ni mgeni wa Wingwi, nikamwambia ndiyo.

Klabu ikampokea. Njiani kurudi hakunitazama, nami sikumtazama. Kesho yake asubuhi nilimkuta barazani na mkasi wa kazini. Alikuwa anakata uzi mmoja katika kila jozi, zile nyembamba kwanza, sita kwa jumla. Alipoona nimesimama alisema, "Nyuzi sita zatosha. Hizi ntaweza mwenyewe." Alikuwa radhi apoteze nusu ya gitaa kuliko kusema neno moja, na nusu yenyewe ndiyo ile niliyoililia.

Akalipiga. Lilikuwa kavu, gitaa kama magitaa yote. Akasita, akapiga tena uzi wa tatu peke yake, mara mbili, akageuza kichwa kuelekea jikoni nilikokuwa nimekaa nakuna nazi. Hakuniita, alingoja tu. Uzi ule ulikuwa chini, kidogo sana, robo ya mzunguko wa kigingi ingetosha. Nilimaliza kipande kile cha nazi, nikachukua kingine, na sikumwambia.