Upike Bila Chumvi

Baba alipoanza kuhema akitembea tu uani kwetu Kibuta, tulikodi gari siku ileile kumpeleka hospitali. Daktari akasema moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri, kisha akamgeukia mama: "Utampikia bila chumvi, na asifanye kazi nzito." Tangu siku hiyo baba hakunyanyua hata ndoo.

Mwaka uliofuata mama alivimba miguu, akawa hawezi kulala bila kuegemea mito. Tukamwambia ni uzee, apunguze mawazo. Zahanati wakampa dawa za vidonda vya tumbo. Miezi ilipita ndipo akakutwa na ugonjwa uleule wa baba. Daktari yuleyule akamwambia, "Upike bila chumvi, na usifanye kazi nzito." Mimi, mwanawe wa kiume niliyetoka Kongowe kumsindikiza, nilikuwa nimekaa palepale. Daktari hakunitazama hata kidogo.

Tulirudi nyumbani nimefura kwa hasira. Nilimkasirikia daktari, nikamkasirikia baba, nikajitupa kwenye kochi. Mama akavua viatu vilivyombana, akaelekea jikoni, akauliza tutakula nini.

Nikamjibu, "Chochote tu, mama."