Mbwa Wanne Waliopelekwa Chwele

Nyaruai alikuwa na miaka hamsini na tisa alipoanza kumshuku Wabwile. Si kwamba alikuwa mtu wa kushuku kila mtu. Kwa miaka ishirini na sita alipika katika shule ya bweni karibu na Saboti, alikozaliwa na wazazi waliohamia huko kutoka Nyeri, na wakati huo wote hakuwahi kufunga stoo kwa kufuli. Tabia ya kuuliza maswali mara mbili ilimjia baadaye, alipoingia kwenye kazi ya mbwa.

Mbwa aliwajua jikoni. Walikuwa wakija nyuma ya shule kutafuta ukoko wa ugali, naye alikuwa akiwawekea kwenye sufuria iliyotoboka. Alipostaafu, akasikia kwamba kuna msichana anaitwa Jepkorir, aliyesomea mambo ya mifugo, amekodi nusu ekari nje ya mji wa Kitale na anakusanya mbwa waliotupwa. Alikuwa anatafuta mtu wa kuwapikia. Nyaruai akaenda na aproni yake ileile ya shule.

Watu walimcheka kanisani, walikomwita kwa jina la binti yake. "Mama Wacuka, sasa umetoka kwa watoto wa watu umeenda kwa mbwa?" Yeye akawajibu kwamba mbwa hawalalamiki maharagwe yakiwa na wadudu.

Makao yale yaliishi kwa mkono wa watu. Rahab wa buchari alituma mifupa kila Jumanne na Ijumaa. Mwenye posho mill, kinu cha kusagia mahindi, aliwaachia pumba. Marafiki wa Jepkorir walileta chanjo ya kichaa cha mbwa, na shule mbili zilitoa mabaki ya chakula. Chakula hakikuwa shida kubwa. Shida ilikuwa nyumba. Watu walikuja wakitaka watoto wa mbwa, wawe wanene, wawe na rangi ya kupendeza. Wakiona mzee au kilema wanampita kama jiwe. "Hakuna wadogo wadogo?" ndilo swali walilouliza wote.

Mwaka wake wa kwanza hapo, Nyaruai alimpa mwalimu mmoja watoto wawili wa mbwa. Mwalimu alikuwa na gari safi na maneno ya upole. Miezi mitatu baadaye, Nyaruai akiwa njiani kwenda mazishi, alipita karibu na boma la mwalimu huyo akaamua kuwasalimia wale mbwa. Mmoja alimkuta amefungwa kwa waya kando ya zizi la nguruwe, na waya umeshaingia ndani ya nyama ya shingo. Wa pili hakuwepo. "Huyo alihama," mwalimu alisema, kama mtu anayezungumza kuhusu mpangaji. Nyaruai hakwenda mazishini tena. Alimfungua yule aliyebaki, akamfunga kwa leso, akarudi naye Kitale. Jeraha lilipona, lakini sauti haikurudi. Wakamwita Kamba. Tangu siku hiyo Nyaruai hakumwamini tena mtu kwa sababu ya upole wake.

Wabwile alikuja mara ya kwanza mwezi wa Novemba. Alikuwa mwanamume mrefu, mkavu, wa miaka sitini hivi, amevaa koti zito la mvua. Alifika kwa bodaboda, na nyuma ya pikipiki kulikuwa na kreti aliyoitandika gunia ndani.

"Shikamoo haihitajiki, sisi ni marika," alimwambia Nyaruai. "Mimi ni Wabwile, nimetoka Chwele. Nipe yule hakuna mtu anataka."

"Yupi?"

"Yeyote. Yule anapitwa na watu."

Hakuna mtu aliyewahi kuuliza hivyo. Jepkorir alifurahi mpaka akamletea chai. Nyaruai hakufurahi. Alimleta Mheshimiwa, mbwa mzee mwenye ncha nyeupe mkiani, aliyezoea kukaa mlangoni pa ofisi amenyoosha kifua kama mbunge. Mheshimiwa alikuwa kiziwi.

"Anabweka?" Wabwile akauliza.

"Mara moja moja. Kwa nini?"

"Nauliza tu, Mama Nyaluai." Alilitamka jina lake kwa lafudhi ya kwao Bungoma. Alijaza fomu, akambeba mzee yule kwa mikono miwili, akaenda.

Januari akarudi, akamchukua Njugu, mwenye miguu mitatu. Machi akamchukua Bahati, aliyekuwa kipofu. Kila mara aliuliza lile swali la kubweka, na kila mara alionekana kuridhika akiambiwa mbwa ni mkimya. Nyaruai alikaa nalo swali hilo siku nyingi. Watu hutaka mbwa abweke, ndiyo kazi yake. Anayetaka mbwa asiyetoa sauti anataka kumfanyia nini?

"Labda ana majirani wakali," Jepkorir alisema.

"Ama ni nyama."

"Ai, Mama Wacuka! Njugu ana nyama gani?"

Jepkorir alicheka. Nyaruai hakucheka. Aliomba anwani kamili, Wabwile akaandika "Chwele, karibu na soko" tu. Aliomba kwenda kumtembelea, Wabwile akasema barabara ni mbaya, si sasa.

Mwezi wa Mei Nyaruai alikwenda kumwona binti yake Wacuka, aliyekuwa amejifungua. Aliporudi siku ya tatu, Kamba hakuwepo.

"Ulimpa nani?"

Jepkorir alimtazama kwa wasiwasi. "Wabwile alikuja. Kamba amekaa hapa miaka minne, hakuna mtu amemuuliza. Mimi nilifikiri…"

"Ulimpa yule mtu mbwa asiye na sauti kabisa?"

Jioni hiyo alimpigia Wabwile na kumwambia atume picha za mbwa wote wanne. Picha zikaja baada ya saa nzima: Njugu, Bahati, Kamba. Za Mheshimiwa hakuna. Akapiga tena.

"Na mzee wangu yuko wapi?"

"Yuko."

"Yuko wapi? Nitumie picha."

Simu ikakatika. Alipojaribu tena, ilikuwa imezimwa.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko Chwele. Nyaruai alishuka hapo kabla ya saa nne, katikati ya pikapu zilizojaa ndizi na watu wanaoburuta mbuzi. Alimwuliza mwanamke mmoja aliyeuza kuku kama anamjua Wabwile anayefuga mbwa.

Mwanamke aliacha kumfunga kuku miguu. "Anayefuga? Ama unasema Wabwile wa sumu?"

Nyaruai akauliza sumu gani. Mchuuzi wa mbuzi aliyekuwa karibu, jina lake Wamalwa, ndiye aliyemweleza vizuri. Miaka kumi na moja nyuma, mbwa walikuwa wakiua kondoo huko juu mlimani. Wafugaji wa huko wakachanga, wakamtafuta mtu wa kuwamaliza. Wabwile akakubali. Alikuwa akitembea na ndoo ya nyama iliyotiwa dawa, kijiji kwa kijiji.

"Asubuhi unatoka unakuta mbwa wamelala kando ya njia kama magunia," Wamalwa alisema. "Hata wa watu, si wa kuzurura tu. Wetu pia alienda. Lakini hiyo ilikuwa zamani, mama. Wewe unamtakia nini?"

"Nimempa mbwa wanne," Nyaruai alisema.

Wamalwa alimwita mwenye bodaboda anayemfahamu, akamwagiza amfikishe mama huyu na amngoje hapohapo.

Boma la Wabwile lilikuwa mbali na mengine, limezungushiwa mabati ya zamani yaliyomzidi mtu urefu. Nyaruai aligonga. Lango likafunguka kidogo, na Wabwile akatokea. Mkononi alishika ndoo.

Ndani ya ndoo mlikuwa na nyama.

"Weka hiyo chini," Nyaruai alisema.

Wabwile aliiweka. Alimtazama, akamtazama mwenye bodaboda nyuma yake, akaelewa. "Umepitia sokoni."

"Nimepitia. Hiyo ni nini?"

"Ni matumbo na ugali. Chakula chao cha mchana."

"Onja."

Wabwile hakubisha. Aliinama, akatoa kipande cha utumbo usiotiwa chumvi, akakitia mdomoni, akakitafuna polepole mpaka akameza. Kisha akachukua cha pili kutoka chini kabisa ya ndoo, bila kuambiwa, akala hicho pia. Nyaruai alisimama akimwangalia mdomo wakati wote. Ndipo akaingia.

Njugu alimjia akirukaruka kwa miguu yake mitatu. Bahati alikuwa kwenye kivuli cha ghala, amenyanyua pua. Kamba alifika kimya, akaweka kichwa kwenye goti lake. Walikuwa wamenenepa. Nyaruai aliwapapasa mmoja mmoja, mbavu, masikio, fizi, kama daktari, na hakukuta kasoro. Akainuka.

"Hawa ni watatu."

Wabwile alimpeleka nyuma ya nyumba, kwenye mgomba. Palikuwa na udongo uliofukuliwa na kupangwa mawe juu. "Alikufa Aprili. Uzee."

"Na ulisema yuko."

"Ningekuambia amekufa mikononi mwangu, ungeniamini? Mimi, na jina langu lile?"

"Sikujua jina lako lile. Hilo nimelijua leo," Nyaruai alisema. "Fukua."

Wabwile alikwenda kuchukua jembe. Alichimba kwa uangalifu, na mwisho akaliacha jembe akatumia mikono. Kilichoonekana kwanza kilikuwa mkono wa lile koti zito la mvua. Mzee alikuwa amefunikwa nalo. Akafunua kidogo, na Nyaruai akaiona ncha nyeupe ya mkia. Alizuia pumzi, akageuka.

"Rudisha udongo."

Walikaa baadaye kwenye benchi. Mwenye bodaboda alikuwa langoni akijifanya anasafisha pikipiki. Wabwile alizungumza akitazama viatu vyake.

"Wakati ule, mbwa wenye mbio walikimbia. Hata nyama waliinusa wakaiacha. Waliokula ni wazee, viwete, vipofu, wale wenye njaa kwa sababu hakuna mtu wa kuwapa. Kondoo hawakuuawa na hao. Kipofu ataua kondoo gani? Nilijua. Nikaendelea, kazi ilikuwa kazi. Kwa hivyo nikitoka kuchukua mbwa, nachukua hao."

"Na kubweka?"

"Majirani wakijua niko na mbwa watasema nawafuga ili niwaue. Ama wao watatupa kitu ndani ya ua. Hapa watu walijifunza hiyo kazi kwangu."

Nyaruai hakumpa pole. Hakuona kwamba ni yake kuitoa. Alimwuliza tu nani alimtibu Mheshimiwa, na Wabwile akaingia ndani akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne, ya daktari wa mifugo mjini Bungoma.

Mtu mwingine angerudi nyumbani na karatasi hiyo. Nyaruai aliendelea mpaka Bungoma. Daktari, kijana mpole aitwaye Kizito, alimkumbuka mbwa huyo mara moja. Figo zilikuwa zimechoka, alisema, na hakukuwa na dalili yoyote ya sumu, aliangalia. "Yule mzee alikaa naye hapa sakafuni tangu asubuhi mpaka mbwa akaisha. Nilimpa kiti, akakataa."

"Una uhakika na figo?"

"Mama, nina uhakika."

Alimwuliza tena kwa njia nyingine, na jibu likawa lilelile.

Kitale, Jepkorir alimngoja kwa hamu. "Kwa hivyo ni mtu mzuri ama mbaya?"

"Sijui," Nyaruai alisema. "Wanakula vizuri."

Hakuwarudisha mbwa wale, lakini alianza kwenda Chwele kila mwezi bila kutoa taarifa, siku tofauti kila mara. Alikagua maji, alikagua fizi, alifungua ghala na kunusa kila chupa. Wabwile alimfungulia kila mara. Agosti alipoomba mwingine, Nyaruai alimpelekea yeye mwenyewe: jike mweusi mwenye upele aliyekaa makaoni miaka miwili, na akabaki hapo hadi jioni kumwona akila.

Mwaka huu, mvua kubwa ilipoanza, Wabwile alishikwa na nimonia akalazwa Webuye. Aliweza kumpigia mtu mmoja tu. Nyaruai alibeba aproni yake akaenda kukaa katika boma lile siku tisa.

Siku ya pili yule mwanamke wa kuku alikuja langoni pamoja na wenzake wawili. "Wewe ni nani yake? Unafanya nini humo? Mbona tunasikia mbwa?" Walichungulia kwenye mabati, wakaitaka ndoo iletwe waione. Nyaruai aliwatolea. Akawafungulia lango, akawaambia waingie wahesabu wenyewe, na wakitaka kunusa chupa za ghalani, mlango ndio ule. Waliingia. Walizunguka kila mahali wakinong'onezana, na yule wa kuku akauliza mara tatu kipofu alifikaje hapo. Wakaenda bila kuaga. Siku ya saba alirudi peke yake, akatupa miguu na shingo za kuku juu ya lango, ndani ya karatasi, akaondoka haraka kabla ya kushukuriwa. Nyaruai alichemsha kila kipande, akampa kwanza paka wa jirani. Paka alipokuwa mzima jioni, akawagawia mbwa.

Wabwile alirudi amekonda, akitembea kwa fimbo. Nyaruai alimwelezea habari za kila mbwa: Njugu amejikata unyayo wa mbele, Bahati hali asubuhi, Kamba analala mlangoni pa nyumba, yule mweusi upele unaisha. Alimwonyesha sufuria ya uji jikoni. Halafu akavua aproni, akaita bodaboda, maana mawingu yalikuwa yameanza kushuka upande wa mlima na alitaka kufika Kitale kabla ya mvua.